Sweta 40 za shule: wenye sindano na wenye kulabu hawaelewani

Shangazi, shikamoo.

Sisi ni kikundi cha akina mama 11 hapa Mbale, Uganda. Sita tunafuma kwa sindano mbili, watano wanafanya kroshia kwa kulabu. Kila upande ulikuwa na wateja wake. Sisi tulikuwa na sweta na soksi za watoto wachanga, wenzetu vitambaa vya makochi na kofia, na fedha ziliingia sanduku moja bila maneno.

Sasa shule moja ya bweni kule milimani, upande wa Kapchorwa, imetuagiza sweta 40 za bluu nzito, shingo ya V, kwa watoto wa P.3 na P.4 (darasa la tatu na la nne la msingi) wenye kifua cha sentimita 70. Bei ni shilingi 38,000 kwa sweta, uzi tujinunulie. Zinatakiwa muhula wa kwanza ukifunguliwa Februari. Tumebakiwa na wiki 9.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wa kroshia wanasema mkono wao ni mwepesi, hivyo wapewe nusu ya sweta. Wa sindano wanasema sweta ya kroshia ni wavu wa samaki, mtoto ataganda nayo asubuhi. Wa kroshia nao wakajibu kwamba sindano ni kazi ya bibi vizee. Watu wawili hawasalimiani tena.

Tukatafuta njia ya kati: kiwiliwili na mikono kwa sindano, pindo la chini na shingo kwa kroshia. Sampuli ikatutia aibu. Pindo la chini linapepea kama sketi, ingawa tulihesabu vizuri, mshono mmoja wa kulabu kwa kila kitanzi. Shingoni tukaogopa nako kutapepea, tukatumia kulabu ya milimita 3 na kukaza. Tulipomvalisha mtoto wa jirani, ikakwama kichwani. Kisha mwenzetu mmoja akapiga pasi ya mkaa lile pindo ili litulie. Sentimita kama tatu za sweta juu ya pindo zimelala, zinang'aa, hazivutiki tena.

Tunatumia uzi wa akriliki wa unene wa kawaida wa sweta, sindano milimita 4, kulabu milimita 4. Donge la gramu 50 tunalipata kwa shilingi 3,000. Mweka hazina analalamika kwamba wa kroshia wanakula uzi mwingi, kwa hiyo hataki walipwe sawa na sisi.

Je, nani ana haki? Pindo lilikosea wapi? Na fedha tugawane vipi?

Katibu wa kikundi, Mbale

*

Marahaba, Katibu.

Jibu lenyewe kwanza. Vipande vyote vya sweta hizi vifumwe kwa sindano, mapindo na shingo vikiwemo. Kroshia iingie mabegani, nyuma ya shingo na kwenye viwiko, na wenye kulabu ndio waunganishe sweta zote 40. Walipwe kwa saa, kiwango kilekile cha wenye sindano. Nimefika hapo kwa sababu ya namna kitanzi kinavyokaa, na hilo inafaa wote 11 mlione kwa macho yenu, la sivyo ugomvi utarudi agizo lijalo.

Chukueni kipande cha sindano, kile cha wazi (vitanzi laini) upande mmoja na kinyume (vifundo) upande wa pili, mkivute taratibu kwa mapana mkikiangalia karibu. Mtaona uzi mmoja unapita mstari mzima ukipanda na kushuka kama nyoka, na kila kitanzi kimeshikwa na kitanzi cha juu yake tu. Mkivuta, yale mapindo ya nyoka yananyooka na kitambaa kinapanuka. Mkiachia, kinarudi. Sasa chukueni kipande cha kroshia cha mshono mfupi mkivute vilevile. Hakiendi mbali. Kila mshono umefungwa kabla wa pili haujaanza, na uzi umejizungusha wenyewe kama kifundo. Hauna pa kunyooka.

Kwa hiyo kroshia inashika umbo na sindano inanyumbuka. Mtoto wa P.3 anavua na kuvaa sweta kila siku, anakimbia nayo, anaivuta mikono ikamfunike vidole. Anahitaji kitu kinachonyumbuka. Kitambaa cha kochi hakihitaji kunyumbuka, kinahitaji kukaa kilivyowekwa. Hata hao waliosema "wavu wa samaki" wamekosea nusu. Mshono mfupi hauna matundu kama wavu, ila ni mzito na mgumu. Wenye matundu ni mshono mrefu, na huo upepo wa Kapchorwa utapita. Sweta nzuri ya kroshia inawezekana kabisa, kwa kulabu kubwa zaidi, ya milimita 5 au 5.5, ili kitambaa kilegee, lakini hiyo ni ya kuvaa mjini juu ya gauni. Si ya foleni ya uji alfajiri.

Kuhusu uzi, mweka hazina wenu ameona sawa, ila hesabu yake ameipeleka pasipohusika. Pimeni hivi. Kila upande ufume kipande cha sentimita 20 kwa 20, uzi uleule, kisha mpime kwa mizani ya gramu. Hata mwuza viungo sokoni anayo. Kwa uzi wa aina mnayoitaja, kipande cha sindano kitakuja karibu na gramu 12, cha mshono mfupi karibu na gramu 16. Sweta ya mtoto wa kifua cha 70 ina eneo la kama vipande 15 vya namna hiyo. Tofauti ya gramu 4 mara 15 ni gramu 60 kwa sweta. Kwa sweta 20, yaani nusu ya agizo, ni gramu 1,200, sawa na madonge 24, shilingi 72,000. Hiyo ndiyo bei ya kumpa kila mtu nusu ili wasinune. Kosa halipo kwa mfanya kroshia wala si ulafi wa uzi. Mshono wake unazungusha uzi mara nyingi zaidi mahali palepale, basi. Kumkata ujira kwa jambo hilo ni dhuluma, kwa sababu mikono yake imefanya kazi saa zilezile.

Sasa pindo lililopepea. Mlihesabu vizuri lakini mlihesabu vitu viwili visivyolingana upana. Kwa sindano ya milimita 4 na uzi huo, sentimita 10 hubeba vitanzi 22 na mistari 30 hivi. Kwa kulabu ya milimita 4, sentimita 10 hubeba mishono mifupi 18 hivi. Mlipotia mshono mmoja katika kila kitanzi, mlisukuma mishono 22 mahali panapotosha 18. Ile minne ya ziada ilikuwa lazima iende mahali fulani, ikaenda mbele na nyuma, ndiyo hiyo sketi. Siku mtakapotaka pindo la kroshia juu ya kazi ya sindano, kwa sweta ya mtu mzima iliyo wazi mbele kwa mfano, kanuni ni hii: kwenye ukingo wa vitanzi, tieni mishono 4 kwa kila vitanzi 5, mkiruka kimoja. Kwenye ukingo wa pembeni, ambako mnahesabu mistari, tieni mishono 3 kwa kila mistari 5. Mkono wa mtu ukitofautiana, pimeni sentimita 10 za kila upande na mgawanye; uwiano utatoka wenyewe. Mkiona bado linapepea, punguzeni mishono. Mkiona linavuta na kukunja kitambaa, ongezeni. Kubadilisha kulabu peke yake hakuponyi hesabu mbaya, na shingo yenu imewaonyesha.

Shingoni kilichotokea ni kwamba kulabu ya milimita 3 na mkono uliokaza vilitengeneza pete. Kichwa cha mtoto wa umri huo kina mzunguko wa sentimita 52 hadi 54, na shingo ya sweta lazima ifunguke kufikia hapo kisha irudi. Mshono mfupi uliokazwa hauwezi. Fanyeni mshono wa mbavu, wazi mmoja na kinyume mmoja, kwa sindano ya milimita 3.25. Okoteni vitanzi 3 kwa kila mistari 4 kwenye kila upande wa V, vitanzi vyote vya nyuma ya shingo, na kimoja katikati kwenye ncha ya V. Hicho cha katikati mkiwekee alama ya uzi wa rangi nyingine. Kila mstari wa pili, unganisheni vitanzi vitatu kuwa kimoja pale katikati, cha katikati kikikaa juu, ili ncha ikae kali bila kufanya mfuko. Sentimita 2.5 zinatosha. Mnapofunga, shikeni sindano ya milimita 4.5 mkono wa kulia. Wengi wanafuma shingo vizuri na kuiharibu kwenye mstari huu wa mwisho kwa sababu wanafunga kwa kukaza. Kabla ya kukata uzi, vuteni shingo juu ya futi ya fundi nguo. Isipofika sentimita 54, fumueni mstari mmoja mfunge upya.

Pasi ya mkaa iwekeni mbali kabisa na akriliki. Akriliki ni jamaa ya plastiki. Ikipata moto mkali nyuzi zinalainika, zinapoteza ule mrudi wake, na hazirudi tena hata mfue mara kumi. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, kwa hiyo hata mtu mwangalifu hajui anaweka nini. Sweta ikiisha, ilowekeni maji ya uvuguvugu dakika 20, ikamueni ndani ya taulo bila kuisokota, ilazeni juu ya mkeka mkiivuta kwa vidole hadi vipimo vyake, ikaukie kivulini. Msiianike kwenye kamba ikiwa imelowa. Uzito wa maji utavuta mikono hadi magotini.

Wale watano sasa. Ninyi wa sindano, mpatieni kila mmoja wenu kulabu ya milimita 3.5 aiweke mfukoni, maana kitanzi kikidondoka na kufanya ngazi mistari 12 chini, hakuna chombo kingine kinachokipandisha haraka namna hiyo. Ingiza kulabu kwenye kitanzi kilichodondoka, vuta ngazi ya kwanza ipite ndani yake, halafu ya pili, hadi juu. Hiyo peke yake ingetosha kumaliza dharau.

Kazi kubwa ya kulabu iko mabegani. Sweta yote inaning'inia mabegani, na kazi ya sindano ikibeba uzito wake kila siku inarefuka. Pangeni bega la mbele na la nyuma nyuso zikiangaliana, piteni kwa mshono wa kuteleza kwa kulabu ya milimita 4: ingiza kulabu kwenye kingo zote mbili, chota uzi, uvute upite kingo zote na kitanzi kilicho kwenye kulabu. Bega likiwa la sentimita 10, mshono nao uwe wa sentimita 10, pimeni, msikisie. Shingo ikishafumwa, piteni mstari mwingine wa mshono wa kuteleza upande wa ndani, kutoka bega hadi bega nyuma ya shingo. Kazi ya dakika kumi, na sweta haitaanguka mgongoni baada ya muhula mmoja. Pembeni na mikononi msiunganishe kwa kulabu. Huko kunatakiwa kunyumbuka, tumieni sindano butu yenye tundu kubwa, mkiokota kijiti kimoja cha uzi kila upande kwa zamu, kitanzi kimoja kutoka ukingoni.

Halafu viwiko. Sweta ya shule hufa kiwikoni kwanza. Kiraka cha mshono mfupi chenye umbo la yai, sentimita 9 kwa 12, kwa kulabu ya milimita 3.5, kina ugumu hasa unaotakiwa pale. Anzeni na mnyororo wa sentimita 3 na kuuzunguka, mkiongeza mishono kwenye ncha mbili tu, kamwe si pembeni. Kikijikunja kama bakuli, mmeongeza kidogo mno. Kikifanya mawimbi, mmezidisha. Hapa kroshia inaishinda sindano waziwazi. Wekeni viraka kwenye sampuli mkimwonyesha mwalimu mkuu, na viandikiwe bei yake pembeni, visiingie bure ndani ya 38,000.

Vipimo vya sweta yenyewe. Kifua 70, ongezeni sentimita 8 za kuvaa juu ya shati na za kukua, jumla 78, kila upande 39. Mara vitanzi 2.2 ni 86, na viwili vya kuunganishia ni 88. Anzeni na vitanzi 80 kwa sindano ya milimita 3.25, fumeni mbavu sentimita 5, kwenye mstari wa mwisho wa mbavu ongezeni kitanzi kimoja kila baada ya 10 mpate 88, kisha mhamie milimita 4. Someni milimita, msisome namba. Namba 8 ya vijitabu vya zamani vya Kiingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na sweta ya mtoto iliyofumwa kwa milimita 5 itamvaa baba yake. Wa kroshia nao wana mtego wao: neno "dabo" katika maelezo ya Kiingereza ni mshono mfupi, na "dabo" hiyohiyo katika maelezo ya Marekani ni mshono mrefu, ambao Waingereza wanauita "trebo". Mtu akichukua maelezo ya kwenye simu bila kuangalia yametoka wapi, kitambaa kinatoka nusu ya urefu na lawama zinakwenda kwa uzi.

Uzi wote ununuliwe siku moja. Sweta moja hula gramu 200 hadi 250, kwa hiyo hesabuni madonge 5 kwa sweta, 200 kwa jumla. Kwenye karatasi ya donge kuna namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutia rangi. Ya pili ndiyo watu wanaisahau. Bluu nzito ya mikupuo miwili dukani ni ileile, juani zinaachana. Mkienda Kikuubo Kampala kuchukua kwa jumla, fungueni kila pakiti mhakikishe namba zinafanana kabla ya kulipa. Zikikosekana 200 za mkupuo mmoja, sweta nzima moja moja ziwe za mkupuo mmoja, hata kama sweta na sweta zitatofautiana kidogo. Mkono mmoja mweusi zaidi ya mwingine ndio unaoonekana kutoka mwisho wa darasa.

Muda ndio unaonitia wasiwasi kuliko hayo yote. Sweta ya ukubwa huu ina vitanzi kama 38,000. Mfumaji wa mwendo wa vitanzi 20 kwa dakika atatumia saa 32 kwa vipande vyake. Sweta 40 ni saa 1,280. Mkigawana sita, wanne wanafuma 7 na wawili wanafuma 6. Wiki ya kwanza iacheni kwa uzi na sampuli, ya mwisho kwa kuunganisha na kufua. Zinabaki wiki 7, na mwenye sweta 7 atakuwa na saa 32 kila wiki, saa nne na nusu kila siku bila Jumapili wala msiba. Ni nzito. Kwa hiyo waulizeni wale watano: nani anajua wazi na kinyume? Mikono miwili ni kama asilimia 40 ya sweta, saa 12 au 13. Atakayeweza afume mikono, mradi kipande chake cha kupimia kitoe vitanzi 22 kama cha wengine. Akipata 20 ashuke hadi milimita 3.75, akipata 24 apande hadi 4.5. Mikono yote miwili ya sweta moja ifumwe na mtu mmoja, vivyo hivyo mbele na nyuma. Mkiona baada ya wiki tatu hamjafikisha sweta 15, nendeni shuleni mapema mkaombe kuleta 25 siku ya kufungua na 15 baadaye. Mwalimu mkuu aliyeambiwa Desemba anaweza kupanga. Aliyeambiwa siku ya kufungua atatafuta watu wengine.

Fedha. Shilingi 38,000, toeni 15,000 za uzi, zinabaki 23,000. Toeni 1,400 za usafiri na vifaa, zinabaki 21,600. Saa za kufuma ni 32, za kuunganisha, shingo na kuficha nyuzi ni 4, jumla 36. Hiyo ni shilingi 600 kwa saa: vipande 19,200, kumalizia 2,400. Anayefuma mikono analipwa saa zake za mikono. Andikeni kwenye daftari, kila mtu aweke sahihi kabla donge la kwanza halijafunguliwa.

Shilingi 600 kwa saa ni kidogo, na nawaomba mlitazame hilo pamoja, pande zote mbili, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wenu unapowaficha jambo la maana. Bei ya sweta ya shule imewekwa na mashine. Mashine ya kufuma imekuwepo tangu 1589, William Lee alipoiunda Uingereza, na leo fundi mwenye mashine ya kufuma hapo mjini anatoa sweta kabla ninyi hamjamaliza mbavu. Ninyi wa sindano mnashindana naye kwa mikono mitupu. Kroshia haina mashine inayotumika viwandani hadi leo. Vile vitambaa vya bei rahisi vinavyofanana nayo sokoni ni lesi ya mashine za aina nyingine, hazipigi mshono wa kulabu. Wale watano mnaowabeza ndio wenye kazi ambayo bei yake bado inaweza kupangwa na mikono. Kule Ireland, njaa kubwa ya viazi ya 1845 hadi 1852 ilipozikausha nyumba, lesi ya kroshia ndiyo iliyouzwa nje ikalisha familia nyingi. Na anayewaita wenye sindano bibi vizee ajue kwamba soksi za pamba za sindano zilivaliwa Misri karibu miaka 900 iliyopita, wakati maelezo ya kroshia yaliyochapishwa ya mapema yanayojulikana ni ya jarida la Uholanzi, Penélopé, la 1823. Kila mmoja ana cha kujivunia, na hakuna anayepaswa kumnyima mwenzake salamu.

Kumalizia sweta 40 ni saa 160 tu kwa watu watano. Saa zinazobaki wale wasiofuma mikono waendelee na vitambaa vya makochi, kwa uzi wa pamba, si akriliki, na bei yake isifungwe na bei ya sweta. Mwakani shule ikirudi na 38,000 ileile, mimi ningekataa, au ningekubali soksi na kofia tu.

Sampuli yenu inapona. Fumueni kroshia yote, ya chini na ya shingo, mkianzia mwisho wa uzi. Itatoka kwa kuvuta tu. Kisha tafuteni mstari mzima wa sweta ulio juu kidogo ya mahali pasi ilipofika. Kwa mkasi mdogo kateni uzi mmoja, kitanzi kimoja tu, katikati ya mstari huo. Uvuteni pole pole kuelekea kila upande, kitanzi baada ya kitanzi, huku mwenzenu akipokea vitanzi vya juu kwenye sindano ya milimita 3.25 kimoja kimoja visidondoke. Sehemu iliyoungua itaachana na sweta na kuanguka mkononi. Sampuli ikiwa ya upana niliotaja juu, mtakuwa na vitanzi 88 vilivyo hai. Kikipungua kimoja pembeni, ongezeni kimoja. Mstari wa kwanza fumeni 9 na kuunganisha viwili, mara nane, mbaki na 80, kisha mbavu kuelekea chini sentimita 5, mfunge kwa kulegeza. Mfanye hivyo nyuma na mbele, mfume shingo mpya, halafu mumwite tena yule mtoto wa jirani.